Halwa ya Kozi ya Kiangazi

Harufu ya zafarani na marashi ya waridi inapopanda kutoka katika sahani ya halwa, wengine hukumbuka harusi. Mimi humkumbuka dada yangu Zuwena, na jambo ambalo nataka lijulikane kama lilivyotokea, si kama ukoo wetu unavyolisimulia.

Nilikuwa mdogo, nasi tukiishi mtaa wa Darsait katika nyumba ya kupanga. Zuwena alikuwa amebakisha mwaka mmoja wa sekondari, na alitaka udaktari, hakutaka kingine. Ndipo chuo kikuu kimoja cha Ulaya kilipotangaza kozi ya kiangazi kwa wanafunzi wa umri wake. Ada yake Baba hakuiweza ila kwa kuuza kiwanja alichokusudia kutujengea. Akakiuza. "Nyumba itasubiri," alisema, "akili haisubiri."

Kwetu sisi, kheri haijawa kheri mpaka itolewe halwa. Zuwena aliporudi na cheti chenye muhuri mwekundu, Baba hakuuliza kilithibitisha nini. Aliagiza halwa kutoka soko la Matrah, kahawa ikapikwa, majirani wakajaa ukumbini kumpongeza kwa kuingia chuo kikuu.

"Baba, ilikuwa kozi tu," Zuwena alinong'ona. "Maombi yenyewe bado."

"Wamekulaza kwao, wamekulisha," Baba akamjibu. "Watakukataaje mtu uliyekula chumvi yao?"

Tangu siku hiyo akawa daktari. Bi Rahma, jirani yetu wa chini, akimvizia ngazini na kuinua buibui. "Daktari wetu, hebu nitazamie goti hili. Na usinitoze, halwa yako nshaila!" Tulicheka mpaka machozi. Mwanzoni hata Zuwena alicheka.

Mwaka uliofuata aliomba, akakataliwa. Alipiga simu, na sauti ya upole ikamweleza kwamba kozi ya kiangazi haikuhusiana hata kidogo na udahili. Baba alisimama pembeni akirudia, "Lakini mwambie ulilala kwao! Mwambie!"

Alama zake zilitosha kwa vyuo vingine. Mama alimsihi ajaribu.

"Niombe tena, Mama? Na ile halwa nimtapishe nani?"

Hakuomba tena. Alipata kazi ya mapokezi katika zahanati Wadi Kabir, na miaka yake yote ikaishia katika kuwaelekeza wagonjwa kwenye vyumba vya madaktari wengine.

Utotoni niliamini, kama ukoo wetu unavyoamini hadi leo, kwamba chuo kile ndicho kilichomvunja. Nimeshatumikia ofisi za serikali na kustaafu ndipo nilipoelewa. Chuo kiliuza kilichotangaza: masomo ya wiki chache na kitanda. Aliyenunua bidhaa akadhani amekirimiwa ni sisi. Kukataliwa, Zuwena angekustahimili, maana wangapi hukataliwa wakaomba kwingine? Lakini sisi tulikuwa tumekwisha kumshangilia mlangoni kabla mlango haujafunguliwa, na kila nyumba iliyokula halwa ile ikawa shahidi dhidi yake.

Wiki hii binti yangu amemlipia mwanawe kozi ya namna hiyo hiyo. Nilimweleza yote haya, tena kwa utaratibu. "Baba, zama zimebadilika," akaniambia, kisha akanikabidhi sahani ya halwa nimpelekee shangazi yake.

Nilipomwambia ni ya kozi ya mjukuu wetu, Zuwena aliifunua, akaifunika tena bila kuionja.

"Na huyu," aliniuliza, "mmeshaanza kumwita daktari?"