Siku Mablanketi Yalipokataa Kuhesabika

Mambo yote yale yalinigharimu jino moja zima, siku ishirini na tatu za kufunga kibanda, mablanketi kumi na mawili niliyoyatoa kwa bei ya kuniliza ili nilipe hospitali, na chumvi. Nimehesabu mara mbili, kutoka mwanzo na kutoka mwisho, jumla ni ile ile. Chumvi naiweka kwenye hesabu kwa sababu ndiyo peke yake ninayoililia mpaka leo.

Nilikuwa nauza mablanketi Tunduma, hatua chache kutoka mpakani, miaka ile simu za mkononi zilipokuwa bado za kuazimana. Mtu asiyeujua mji wetu huja na shati la mikono mifupi, na kabla jua halijazama anakuwa mteja wangu. Wengine walivuka kutoka Nakonde, upande wa Zambia, wakaniita bamayo, yaani mama, kwa heshima zote, kisha wakataja bei ambayo hakuna mtu angethubutu kumtajia mama yake. Niliipenda kazi hiyo. Nilikuwa sijawahi kulipa bei ya kwanza ya kitu chochote, kuanzia nyanya mpaka kiwanja.

Na nilihesabu. Kila asubuhi, kabla ya kumhudumia mtu, nilihesabu mzigo kutoka mlangoni kwenda ndani, kisha kutoka ndani kuja mlangoni. Hesabu mbili zikilingana, nafungua. Zisipolingana, kuna mtu ana maelezo ya kunipa. Kwa miaka kumi na moja hazikuwahi kugombana. Jirani yangu, mama mmoja muuza masufuria mwenye mdomo usiochoka, alizoea kuniambia, "Wewe siku ya kufa utamwomba malaika akuhesabie pumzi mara mbili." Nami namjibu, "Lazima. Wewe ungekubali akupunje?"

Hata kutembea nilihesabu. Nyumbani kwangu ni Chapwa, na njia ina mwinuko. Mwaka ule, wakati wa mahindi mabichi, nilisimama mara moja kupumzika njiani. Kahawa ilipoanza kushuka kutoka Mbozi, nikawa nasimama mara mbili. Kufika msimu wa baridi, mara tatu. Nilijua idadi. Sikujua inauza nini.

Halafu taya la kushoto likaanza. Liliuma nikipanda mwinuko, likaacha nikisimama. Jino gani linalojua mwinuko? Swali hilo nilipaswa kujiuliza mimi mwenyewe, lakini nilikuwa nimeshaenda kwa mtaalamu wa meno. Akagonga jino moja moja kwa kijichuma chake, akasema, "Mama, haya meno ni mazima kuliko ya kwangu."

"Ng'oa hili la nyuma."

"Nimekwambia ni zima."

"Basi si rahisi zaidi? Zima halivunjiki. Nipunguzie."

Tulivutana robo saa. Mwisho aliling'oa, nadhani ili nimwondokee, na kwa nusu ya bei. Nilitoka pale na pamba mdomoni na jino kwenye mfuko wa gauni, nikajiona bingwa. Siku tatu baadaye taya likauma tena, pale pale, kwenye pengo.

Asubuhi ninayotaka kuisimulia nilisimama mara tano njiani. Nilifika sokoni nimechoka kama mtu aliyekwisha kufunga biashara, tumbo linachafuka, bega la kushoto zito. Nikasema ni usingizi mbovu. Nikafungua kufuli, nikaanza kuhesabu. Mablanketi arobaini na nane. Nikarudi kinyume. Arobaini na sita.

Nikahesabu tena. Hamsini na moja.

Sasa, kuumwa nilikuwa nimezoea. Lakini hesabu yangu kugoma, mbele ya mlango wangu, haikuwahi kutokea. Nikashika rundo la kwanza, moja, mbili, tatu, na nilipofika saba nikasahau baada ya saba kunakuja nini. Jasho likanitoka usoni. Tunduma, msimu wa baridi, saa moja na nusu asubuhi, watu wanapuliza viganja vyao, na mimi natiririka.

Jirani alikuwa anapanga masufuria yake. "Leo vipi, jirani? Mbona unaongea na mablanketi hayakujibu?"

"Hesabu hazilingani."

Alicheka. Kisha akaniangalia vizuri, na akaweka chini sufuria kubwa bila kulibamiza, jambo ambalo hajawahi kulifanya. "Zako? Hazilingani zako? Twende zahanati."

"Nifunge kwanza."

"Nitafunga mimi."

"Utahesabu?"

"Nitahesabu hata mara nne, mwanamke wewe, inuka!"

Zahanati ilikuwa mtaa wa pili. Tabibu alikuwa kijana mwembamba, umri wa mwanangu wa kwanza. Nilimweleza kwamba nina gesi, na kwamba nimekuja kupata dawa ya gesi, ya bei nafuu. Akanipima presha, kisha akapima tena. Nikampenda kwa hilo. Kisha akauliza kama natumia dawa.

Hapo ndipo pa kukiri. Miaka miwili kabla nilishaambiwa nina presha, nikawa napewa vidonge vya mwezi mzima. Nilivikata kwa kisu cha jikoni, kila kidonge nusu, vikatosha miezi miwili. Niliambiwa visikatwe. Sikusikia kwa sababu nilikuwa napiga hesabu ya nilichookoa.

"Ukipanda mwinuko unapumzika?" akauliza.

"Napumzika."

"Kama mara ngapi hivi?"

Watu wote, nadhani, humjibu, "Mara kadhaa," au, "Kidogo." Mimi nikamwambia: mahindi mabichi mara moja, kahawa mara mbili, baridi ilipoanza mara tatu, leo tano. Na taya linaanza hatua ya mia mbili na kumi, hatua kumi zaidi au pungufu. Kalamu yake ilisimama. "Mama," akasema, "umeniletea kipimo ambacho sina." Akanipa kidonge cha aspirini. "Kitafune, usikimeze kizima. Tunakwenda hospitali kubwa sasa hivi. Nadhani ni moyo."

Nikamtazama kwa huruma. Moyo ni ugonjwa wa watu wenye magari. "Kesho," nikasema.

"Sasa."

"Jioni basi, nikishafunga. Leo ndiyo siku ya wateja wa ng'ambo."

"Sasa hivi, mama."

"Saa saba mchana. Hiyo ni bei yangu ya mwisho, mwanangu, sitaongeza."

Hakutabasamu. "Hapa ni bei moja."

Ukifanya biashara mpakani unajua cha kufanya mtu akisema hivyo. Unainuka. Unashukuru. Unaondoka polepole, bila kugeuka, na kabla hujafika barabarani anakuita akiwa ameshusha. Ilikuwa haijawahi kunishinda. Nikainuka, nikamshukuru, nikashika njia ya mlangoni, nikihesabu hatua zangu. Moja. Mbili. Ya nne, mtu akakaa juu ya kifua changu. Sina namna nyingine ya kueleza: kama gunia la maharage limeshushwa hapo na aliyelishusha akalikalia. Nikashika fremu ya mlango, nikingoja kuitwa.

Hakuniita. Alinipita, akatoka nje, akamsimamisha mwenye pikapu aliyekuwa anapakua katoni za soda, akafungua mlango wa mbele, akabaki ameushika. Tukaangaliana. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nililipa bei ya kwanza.

Njiani pumzi ilikuwa fupi kama ya mtu aliyekimbizwa. Nilikuwa namfikiria mama yangu. Alianguka Nanyala, kando ya ndoo zake mbili za maji, akiwa na miaka michache tu zaidi ya niliyokuwa nayo mimi siku ile. Wiki nzima alikuwa akilalamika mgongo na uchovu. Watu walisema karushiwa kitu, wakatumia mwezi kumtafuta mrushaji. Hakuna aliyeutafuta ugonjwa. Tulipopita Nanyala nikageuza uso upande wa pili. Nilijua kabisa nilichokuwa nashindania: nisiwe ndoo mbili kando ya njia na ugomvi wa ukoo nyuma yangu.

Hospitalini walinibandika nyaya kifuani, mashine ikachora milima kwenye karatasi. Daktari alikuwa mama wa makamo, hana papara. Aliitazama karatasi, akasema ni mshtuko wa moyo, na kwamba nimewahi. Wakaniwekea dripu na mpira wa hewa puani, wakanikataza hata kujigeuza mwenyewe.

Siku ya tatu, gunia lilipoinuka kifuani, nilimuuliza daktari hiki kitu kimetoka wapi. Naye akauliza nafanyia kazi wapi. Nilipomwambia, akacheka.

"Basi unaijua foleni ya malori."

"Nalala nayo, naamka nayo."

"Msuli wa moyo unalishwa na mishipa yake wenyewe, myembamba. Ichukulie kama barabara yenu. Presha inaikwangua, mafuta yanajijenga pembeni mwaka hadi mwaka, kama vibanda vinavyosogea barabarani hatua moja moja. Sigara, sukari, kukaa mchana kutwa, navyo vinasaidia kusogeza. Malori yanapita bado, ila kwa shida, na ukipanda mlima yanatakiwa mengi zaidi, ndiyo maana taya linalia. Halafu siku moja lori moja linaharibika katikati. Donge la damu. Nyuma yake hakuna kinachopita, na upande wa mbele watu wanakufa njaa."

Kibanda changu kilikuwa kimesogea barabarani hatua mbili. Nilijua kwa sababu nilizipima.

"Lakini kifua kiliuma mwisho kabisa," nikamwambia.

"Wengi huanza na kifua. Wengine, hasa wanawake na wenye sukari, huanza na taya, mgongo, kichefuchefu, jasho la baridi, uchovu usio na sababu. Wanakunywa dawa ya gesi."

"Au wanang'oa jino," nikasema.

Alidhani natania. Nilimwonyesha pengo.

Kipande kidogo cha msuli kilikufa, aliniambia, na hakitarudi. Kilichobaki kinatosha kama nitakitunza: vidonge vizima, kila siku, maisha yote, chumvi kidogo sana, nyama isiyoogelea kwenye mafuta, kutembea. Nikauliza kama vyote hivyo ni vya lazima, au viwili vitatosha. Akaitazama karatasi ya milima, akanitazama mimi. Nikasema basi, nachukua vyote.

Mume wangu alikuja kutoka shambani Msangano na uji usio na chumvi, akakaa kuhakikisha naumaliza. Jirani naye alikuja siku ya tano, amefunga mtandio vizuri kama wa harusi, akakaa kitandani bila kukaribishwa.

"Arobaini na nane," akasema. "Nimehesabu mara mbili."

"Kwenda na kurudi?"

"Kwenda na kurudi, ewe mwanamke wa ajabu. Umerudi kutoka kaburini unauliza kwenda na kurudi."

Nikalia. Mara ya kwanza tangu ianze.

Nilirudi sokoni siku ya ishirini na nne. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kurudisha kibanda nyuma hatua mbili. Majirani walidhani halmashauri imenitisha. Mwinuko niliuanza kidogo kidogo, asubuhi, nikiwa na jirani ananiongelea masikioni. Wiki ya kwanza mara nne. Mwezi uliofuata mara mbili. Na asubuhi moja yenye ukungu tulifika juu, yeye akiwa katikati ya hadithi ya shemeji yake, nikamwambia anyamaze.

"Nini tena? Taya?"

"Sifuri," nikasema.

Alisimama. Yeye ndiye aliyekuwa anahema. "Rudia."

Basi tukashuka mpaka chini, tukapanda tena, kwa hesabu ya pili. Sifuri. Alipiga vigelegele pale barabarani mpaka dereva wa lori akapiga honi akidhani kuna harusi. Miaka imepita mingi tangu siku hiyo, nimeshaupita umri wa mama yangu, nao nimeuhesabu mara mbili, na vidonge nameza vizima. Kisu cha jikoni kimerudi kwenye vitunguu.

Lilibaki jambo moja. Nililifunga jino kwenye kitambaa, nikaenda kwa mtaalamu wa meno, nikaliweka mezani kwake. Akalikumbuka mara moja. Akaniuliza hali, nikamweleza yote, mpaka nyaya na milima. Alisikiliza, akaligeuza jino kwenye mwanga, halina hata doa.

"Nilikwambia ni zima, mama."

"Uliniambia. Sina ugomvi na hilo. Lakini ugonjwa ulikuwa moyoni na wewe umetoa jino, kwa hiyo kazi niliyokulipa haikufanyika. Nipe nusu ya nusu niliyokupa, mwanangu, na jino ubaki nalo."