Somo la Saa Kumi

Jumatatu, mbele ya duka la mchele la Mkunazini, tulikuwa sita: hamali wa bandarini, bibi mmoja wa mtaa wa Malindi, fundi cherehani wa Kiponda, mimi, na nyuma yangu mama wa Kikristo na binti yake.

Saa nane ilipita na mlango haujafunguliwa. Mama alikunja na kukunjua karatasi, macho juani. Binti alifanya hesabu kwenye daftari.

"Huyu hasomi skuli?" aliuliza hamali.

"Namsomesha mwenyewe nyumbani, kwa ratiba," alijibu mama. "Foleni haimo, lakini hesabu imo."

Bibi alicheka. "Hebu tusomee hiyo ratiba, mjukuu wangu."

"Naam, bibi." Binti aliipokea ile karatasi kwa mama yake. "Saa mbili, sala na Zaburi. Saa tatu, imla. Saa nane, hesabu. Saa kumi, Baba."

"Baba ndilo somo gani tena?" alitania hamali.

"Amelazwa hospitali. Saa kumi ndipo wanapoturuhusu kuingia. Namsomea nilichojifunza, ananisahihisha."

Hamali alichukua kikapu chake akahamia nyuma ya binti. Bibi alimfuata: "Mie nshazoea kusimama." Fundi naye akahama. Mimi nilibaki pale pale, na mlango ulipofunguliwa nikawa wa kwanza kupimiwa.

Skuli niliyosoma ilinifundisha kutunza saa. Kumpisha mtu hakukuwamo katika ratiba yetu.

Siku ile mama na binti waliwahi. Baba alifariki Jumatano, saa tisa alasiri.