Siku Niliposhika Kinasa Sauti

Sijui kama nina haki ya kuandika habari za chama kisicho changu. Mimi ni mshika funguo tu wa ukumbi mmoja wa ghorofani, Makadara ya huku pwani, ambapo wanafunzi wa chuo kikuu huja kila Jumamosi kujifundisha kazi za filamu na maigizo. Shule yangu iliishia darasa la saba. Lakini wamenizoea, na wakiwa wachache hunipa kazi. Kazi niliyopewa siku ninayoisimulia niliiharibu.

Mwenyekiti wao alikuwa msichana wa mwaka wa tatu, kwao Kaloleni. Kampuni moja ya Nairobi ilitaka mwanafunzi mmoja akafanye kazi kwao miezi mitatu, na kila anayetaka apeleke video ya dakika mbili akiigiza kabla ya magharibi siku hiyo. Yeye alitaka, lakini babake alikuwa ameshamtafutia ukarani bandarini, Shimanzi. Msichana aliniambia mwenyewe tukifagia: asipochukuliwa ataenda Shimanzi, na akishaenda hatarudi tena kwenye mambo haya.

Kijana wao wa kunasa sauti alikuwa na mtihani. Kabla ya kuondoka alinivisha hedifoni juu ya mtandio, akanionyesha kidude cha kubonyeza kwenye kinasa sauti. Taa nyekundu ikiwaka, sauti inaingia. Mpiga picha akasema leo tuna mkurugenzi wa masikio, hata paka wa jirani ajichunge. Nilicheka. Niliona fahari pia, sitaficha.

Misikiti ya huku iko karibu karibu. Mmoja ukianza, mwengine hupokea. Kanuni ya chama ni kwamba adhana ikiingia kila kitu husimama, na Wakristo wao hutulia vilevile. Basi adhana ya alasiri ilipoanza nilibonyeza kile kidude kuisimamisha mashine, ambayo ilikuwa imeshaanza kushika, nikavua hedifoni, nikatengeza mtandio, nikawa naitikia. Ilipokwisha ya mwisho nikavaa tena. Niliwasikia vizuri kabisa, hata msichana akimeza mate. Taa ilikuwa ikiwaka na kuzima, ikiwaka na kuzima. Nikadhani ndivyo inavyofanya kazi. Nikainua kidole gumba.

Akaigiza. Alikuwa mtoto anayempigia mamake simu kumwambia kwamba nyumba yao imeuzwa. Sikusomea kupima maigizo, huenda nakosea, lakini nilisahau kwamba ni yeye. Alipomaliza, mpiga picha aliketi chini sakafuni.

Kisha wakasikiliza. Picha ipo, sauti hakuna. Iliyoshikwa na kamera yenyewe ilikuwa mvumo wa feni na honi za tuktuk.

"Mama," msichana akaniuliza polepole, "baada ya adhana ulibonyeza tena?"

"Sikubonyeza. Nilikuwa nawasikia, nikajua yaingia."

"Hedifoni husikia hata kama mashine haishiki," akasema mpiga picha. "Hukuambiwa?"

Sikuambiwa. Lakini pia sikuuliza, na taa niliiona. Naandika yote mawili kwa sababu kijana wa sauti alilaumiwa sana Jumamosi iliyofuata, na si haki abebe lawama peke yake.

Siku ile msichana alirudia mara tatu. Kila mara ilionekana anatafuta alivyofanya mara ya kwanza, yule mama wa kwenye simu hayupo tena. Hilo niliambiwa baadaye, maana mimi nilikuwa nimeikodolea macho taa, maneno yakinipita. Wakapeleka ya tatu, jua likikaribia kutua.

Jibu lilikuja baada ya majuma mawili. Walimshukuru, wakasema wamemchukua mwengine. Sababu hawakutaja. Huenda huyo mwengine ni bora, na hata ile iliyopotea isingemshinda. Nimelizungusha hili kichwani hadi nimechoka, na sijapata njia ya kujua.

Kabla ya kuanza Shimanzi alikuja ukumbini kukabidhi uenyekiti. Alinisalimu kama kawaida, masalkheri mama, akauliza hali ya goti langu. Nikamwambia wasinipe tena kinasa sauti. Nilitaka akatae japo kidogo, lazima niseme.

"Sawa, mama," akasema.

Akamwonyesha mwenzake namna ya kuzikunja waya zisikatike, akaweka daftari la chama mezani, akateremka ngazi. Nikafungua madirisha kwa ajili ya joto. Wakaanza bila yeye.