Jicho la Dani

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, nyumbani kwetu katika mtaa wa Manyatta, karibu na ziwa, kulikuwa na ugonjwa mmoja ambao haukutajwa kwa jina. Ukiutaja, wenyewe unasikia, unadhani umeitwa. Sisi tuliuita mgeni. Ulikuwa surua, na hata leo, na uzee wangu huu, nikilitamka neno hilo nahisi Dani atanizaba kofi la mdomo.

Dani alikuwa nyanya yetu, mama yake baba, muuza samaki wa ufuo wa Dunga mwenye sauti ya kuita boti kutoka katikati ya ziwa. Jicho lake la kushoto lilikuwa jeupe kama yai. Mgeni alilichukua Dani akiwa msichana mdogo. Basi vipele vilipomtoka Ouma, mdogo wangu wa miaka miwili, hakuna aliyebishana na Dani. Angebishana nani, na jicho lile likimtazama?

Alifunika dirisha kwa blanketi. Watoto wa jirani wakafukuzwa mlangoni. Wangeingia tu watu ambao mgeni alishawahi kuwatembelea, kwa sababu, alisema, huwa harudi kwa mtu yule yule. Sindano akaikataza kabisa, ati hurudisha vipele ndani vikamuue mtoto. Kisha akakataza samaki. Jamani, samaki! Nyumba nzima ilikula kwa jasho la samaki, lakini Dani alisema harufu yake humkasirisha mgeni. Tulikula sukuma wiki mpaka nikaanza kuota omena, wale dagaa wa ziwani.

Mimi nilitakiwa nipelekwe kwa shangazi, lakini mama alisema mimi nilishachanjwa. Ouma hakuchanjwa. Siku yake ya kliniki alikuwa na mafua, mama akaahirisha, halafu kazi ya kushonea watu nguo ikamsahaulisha. Jambo hilo lilimuuma sana. Nilimkuta mara mbili akilia jikoni.

Nililala kitanda kimoja na Ouma, akinikoholea usoni, na sikupata hata kipele kimoja. Dani alinikagua kila asubuhi kwa mashaka, kama mtu aliyeuziwa samaki wa jana. Mwishowe akamuuliza mama mgeni alinitembelea lini. Mama akamwambia alikuja ndani ya sindano, akiwa amedhoofishwa, mwili wangu ukamshinda na ukamjua. Tangu hapo Dani hakunikagua tena.

Siku ya tano alikuwa akimlisha Ouma uji karibu na mlango, penye mwanga kidogo. Kijiko kikasimama hewani. Akaugeuza uso wa mtoto juani. Ouma alikuwa akilia, lakini macho yalikuwa makavu, na moja lilikuwa limeanza kufanya ukungu.

"Langu lilianza hivi," Dani akasema.

Mama aliogopa kulisema neno hospitali. Hakuhitaji. Dani alishajifunga leso, akamchukua Ouma, akaita boda boda ya baiskeli na kukaa kwenye karia nyuma ya mwendeshaji, yeye ambaye siku zote alisema mwanamke mzima habebwi kwa baiskeli. Mama na mimi tulikimbia nyuma yake, watu wakitushangaa.

Hospitalini, nesi alikata ncha ya kidonge laini, akamkamulia Ouma mdomoni matone ya mafuta. Ni vitamini, alisema, ya kuokoa macho. Kifua nacho kilikuwa kimeshaingiliwa, kwa hiyo ikaja sindano, na ni Dani aliyemshika mguu asirushe. Nesi akauliza mtoto anakula nini. Alipoambiwa, alishangaa: watu wa kando ya ziwa, na mtoto hapewi samaki? Akaeleza kwamba kitu kile kile cha kidonge kimejaa kwenye ini la samaki. Dani aliyasikiliza hayo akitazama sakafu.

Tulipofika mlangoni tukiondoka, Dani akarudi hatua mbili.

"Na hili langu, sista? Tone moja tu halitafanya kitu?"

Nesi akalitazama lile jicho jeupe. "Hilo limechelewa, mama."

"Si neno. Nilikuwa nauliza tu."

Ukungu ule wa Ouma uliondoka siku zilivyopita. Jioni ile ile tuliporudi kutoka hospitalini blanketi lilitolewa dirishani, na wiki nzima Dani alimpikia Ouma ini la samaki aitwaye mbuta kwa mkono wake, akinifukuza mimi mlafi nisilidokoe.

Baadaye nilisoma shuleni kwamba mwili ukishapigana na surua huitambua maisha yote, na kwamba chanjo huufunza vita hivyo bila kuuumiza. Nilicheka peke yangu darasani. Nusu ya hayo Dani aliyajua bila kitabu, na kwa kufunga mlango wetu huenda aliokoa watoto wengi wa mtaa.

Watu husema dawa ndiyo iliyomponya Ouma, na ni kweli, nami naistahi. Lakini dawa ile ilikuwa hospitalini siku zote tulizofunika dirisha. Ilimngoja mama mzee akubali kwamba alikosea, mbele ya mkaza mwanawe na mbele yangu mimi mtoto, na akubali upesi. Ouma ana macho mawili. Kila akinitazama, namsikia Dani pale mlangoni pa hospitali, akiuliza tu.