Nilifagia Chumba cha Mgeni Kabla Gari Halijafika Lami

Admin, nifichie jina tafadhali. Sumbawanga ni ndogo na wenzangu kazini wote wanakusoma. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na moja, kwetu Laela. Niliolewa nikakaa miaka tisa bila kupata mtoto, mume akanirudisha nyumbani na godoro langu. Ndipo nikaomba kazi ya ulezi kwenye kituo cha watoto yatima cha masista, hapa nje kidogo ya mji. Mwaka wa kumi na mbili huu. Watoto thelathini na mmoja wananiita mama, lakini nikiugua mwenzenu sina wa kunichemshia hata maji ya kunywa.

Kati yao yupo mmoja, nimwite Skola. Aliletwa akiwa na wiki tatu, nikamlea mgongoni huku nasonga ugali wa wenzake. Sasa ana miaka sita. Najua mlezi hatakiwi kuchagua mtoto, lakini Mungu anisamehe, huyu nilishaamua moyoni kwamba ni wangu.

Mwaka jana mwezi wa sita akaja binti wa kizungu kujitolea, nimwite Klara, miaka ishirini na mbili. Mwanzoni nilimwonea huruma. Kaja na vijinguo vyepesi eti anakuja Afrika, kumbe ndio baridi ya Ufipa imepamba moto na upepo hauna adabu. Nikampa sweta langu. Alikuwa anawaamkia shikamoo watoto wa chekechea, nao wanaitikia marahaba huku wanagaagaa chini kwa kicheko. Nilimfundisha kufua kwa mikono, kuchambua maharage, kusonga ugali wa ulezi. Jioni anakaa jikoni kwangu anatokwa machozi kwa kukumbuka kwao, namwambia, "Kula mwanangu, utazoea." Nisiwafiche, nilifurahi kupata mtu wa kukaa naye.

Kweli akazoea. Na watoto wakamzoea, ila Skola akapitiliza. Klara akawa anamsuka, nywele zimekaa ovyo huku nene huku nyembamba, lakini nikitaka kumsuka upya mtoto anashika kichwa, "Usifumue, ni za Klara!" Siku moja namwita aje kula, ananijibu, "Nakula na mama Klara." Jamani! Nilijifungia stoo nikalia juu ya gunia la mahindi mpaka Sista mkuu akaja kugonga.

Klara aliondoka mwezi wa kumi na mbili. Alimwahidi Skola kwamba mwezi wa sita atarudi. Asubuhi ile Sista alikuwa anampeleka stendi, watoto wakaenda getini kumwimbia. Mimi nikasema nina maharage jikoni. Uongo mtupu. Nilichukua ufagio nikaingia chumbani kwake. Gari halijafika hata lami, mimi nimeshatandua kitanda, nimefagia kuanzia uvunguni mpaka kizingitini, vumbi nikalitupa shimo la taka.

Sisi kwetu msafiri akiondoka hafagiliwi nyuma. Unasubiri mpaka usikie amefika, la sivyo ni kama umemfukuza asirudi tena. Skola alilijua hilo, tena nilimfundisha mimi mwenyewe siku Sista mkuu alipokwenda Mbeya kutibiwa. Skola alishika ufagio nikampokonya, "Acha! Unataka Sista asirudi?" Sista akarudi mzima, mtoto akaamini moja kwa moja. Sasa mimi ninayejua yote hayo nikafagia. Nilitaka Klara asirudi. Haya, nimesema.

Nageuka, Skola yupo mlangoni. Kumbe alijificha kwa sababu hakutaka kuona gari likiondoka. Hakulia. Aliutazama ufagio, akanitazama mimi, akasema, "Mama, umemfagia."

Tangu siku hiyo hajaniita mama tena. Anakula, anaoga, shikamoo ananipa, lakini ananiita "mlezi" kama wageni wanaokuja kutoa misaada. Nikimaliza tu kumsuka, anaondoka. Miezi mitano sasa. Jikoni nakaa peke yangu, nimebaki kuongea na sufuria.

Halafu nikagundua kitu. Kila akitoka shule anapitia shimo la taka, anachota udongo kiganja kimoja, anaingia nao kile chumba anaumwaga chini ya kitanda. Nikadhani ni michezo ya watoto. Nilipomuuliza alijibu neno moja tu, "Namrudisha."

Wiki iliyopita Klara kanitumia ujumbe. Amepata kazi kwao, hatakuja tena. Ameandika, "Mwambie Skola taratibu. Wewe ndiye mama yake." Niliusoma nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Kabla sijajua la kufanya, Sista mkuu akanipa taarifa kwamba Jumamosi anakuja binti mwingine wa kujitolea. "Kile chumba kina udongo kama shamba," akasema, "naomba ukisafishe mwenyewe."

Sasa ndugu zangu, nikifagia, Skola ataniona namfagia Klara mara ya pili. Nikimwambia Klara harudi, atajua ni ufagio wangu uliomzuia. Nikimwambia ufagio hauna nguvu hiyo, basi nilimfundisha uongo, na mimi mwenyewe hata leo sina hakika. Nimwambie nilifanya kwa wivu? Mtoto wa miaka sita ataelewa wivu wa mtu mzima? Au nimwombe Sista amuweke mgeni chumba kingine, nimwambie kwa sababu gani?

Leo Alhamisi mchana watoto wakiwa shule niliingia kile chumba na ufagio mkononi. Nikainama uvunguni. Ule udongo ameupanga vizuri kabisa, umeshapita kimo cha kiatu changu. Nilishindwa. Nikaegemeza ufagio ukutani, nikatoka mpaka shimoni, nikachota na mimi kiganja kimoja, nikaja kuuongeza.

Jumamosi ni keshokutwa. Nisaidieni mawazo, mwanangu nimwambie nini?