Mihogo ya Kulipia Bariyeri

Kaka yangu, aliyefia Kabambare, aliacha kadi mia moja za mchezo alizozikata katika maboksi ya biskuti na kuziandika kwa mkono wake, kwa wino wa bluu. Matanga yalipokwisha, kaka wa mjane wake, mfanyabiashara wa Salamabila, alizitia mfukoni mbele ya macho yangu. Kwetu shemeji hutania kwa kunyakua, na aliyenyakuliwa hana ruhusa ya kununa. Nilinuna.

"Basi tuzicheze, mwalimu," akasema. "Mara tatu. Mwenye kushinda mbili, iko zake."

Kila mchezaji huanza na kadi kumi dhaifu za mihogo. Kila zamu huvuta tano, hununua kwazo kadi bora zilizopangwa mezani, na hivyo hujijengea rundo lake. Akipenda, huondoa kabisa muhogo mmoja katika rundo lake. Wa kwanza kununua Lori ndiye mshindi. Lakini iko pia kadi ya Bariyeri, kizuizi cha barabarani: ukiiweka, mpinzani hutupa kadi mbili kati ya alizoshika, azichague mwenyewe.

Mchezo wa kwanza niliucheza kama ninavyosahihisha insha: kilicho dhaifu kifutwe. Niliondoa mihogo yote, nikabaki na rundo fupi la kadi za dhahabu na pikipiki tupu. Kila Bariyeri iliposhuka, sikuwa na cha kutupa ila kizuri, nikashindwa.

"Angusha mbili!" shemeji alikuwa akipaza sauti. "Wote ni watoto wazuri? Chagua wa kuacha njiani!"

Mjane alicheka hadi akaficha uso katika kitenge. Mimi nilikumbuka njia ya kuja. Siku ya maziko, nikitokea Kasongo kwa pikipiki ya kukodi, tulikuta kamba imekatiza barabara na wanaume wakidai malipo. Mwenye pikipiki alikuwa amefunga mkungu wa ndizi juu ya mzigo, kama wafanyavyo wote wanaoijua njia ile. "Tuwaachie, mwalimu." Nilikataa, nikadai karatasi yenye muhuri. Nikakalishwa juani hadi alasiri, na kaka yangu akazikwa bila mimi.

Mchezo wa pili nilibakiza mihogo mitano kwa makusudi. Bariyeri iliposhuka, nilitupa miwili, na kadi tatu zilizobaki zikatosha kununua. Nilishinda. Katika wa tatu aliniwekea Bariyeri mara nne. Mara nne nililipa kwa mihogo, kisha nikanunua Lori.

"Aaa, mwalimu! Sasa umejua njia."

Nilitamani kumpiga kofi. Alizisukuma kadi kwangu akicheka, naye hakujua alichokisema.

Kesho yake, wakati wa kurudi, mwenye pikipiki alifunga tena mkungu wa ndizi juu ya mzigo, wala hakuniuliza. Penye kamba ile nilishuka mwenyewe, nikaufungua, nikauweka chini kabla ya kuombwa, bila kumtazama mtu usoni. Vidole vilinikakamaa kwa hasira. Kadi zilikuwa kifuani, ndani ya shati, na hakuna aliyeniuliza nimebeba nini.