Kavaluku Iliyokula Siku ya Mama

Enzi zetu, sisi watoto wa Kilungu, kule Ukambani, tuliokula vumbi ya miaka ya themanini, gari ilikuwa kitu ya kusukumwa. Ukisikia mtu wa rika letu anajisifu ati kwao kulikuwa na gari, muulize swali moja tu: mlikuwa mnasukuma mkiwa wangapi? Akishangaa, huyo alizaliwa juzi. Sisi tulijua uzito wa gari kwa mabega kabla tujue kuandika majina yetu. Na kama ulipita ile barabara ya kupanda milima yetu kutoka Mombasa Road, kuna uwezekano mkubwa ulisukuma gari ya baba yangu. Asante sana. Najua hukupewa hata maji.

Baba aliinunua kutoka kwa Mzungu wa shamba la katani aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa four-wheel kubwa, kijani kama panzi, na tairi ya spea imebebwa mgongoni kama mtoto. Siku ilipofika nyumbani, shule ilijifunga yenyewe. Tulitoka mbio, mwalimu wa zamu akatufuata na kiboko, na alipofika akasahau kiboko ni ya nini akaanza kupapasa vioo. Baba alisimama kando amevaa koti ya kanisa, siku ya kazi, jua la saa saba! Akatangaza jina la gari ni Kavaluku, yaani sungura, kwa sababu inaruka milima.

Iliruka wiki mbili. Wiki ya tatu kijiji chote kilikuwa kinaiita Ngu, yaani kobe.

Siku hizi mtu anakuambia gari yake imefika kilomita ngapi. Yetu tulihesabu kwa mbuzi. Klachi ilikuwa ile beberu nyekundu ya pembe moja. Redieta ilikuwa mbuzi mama pamoja na mtoto wake. Stata ilikuwa fahali mzima, na stata yenyewe ilikaa mwezi mmoja ikaenda kumfuata fahali. Tukisikia injini imeanza mlio mpya, sisi watoto tulikimbia zizini kuaga. Dada yangu Mwikali alikuwa na mbuzi wake mweupe, akamfundisha kulala chini ya kichaka kila akisikia bonati inafunguliwa. Na usidhani tulikula nyama. Sisi tulikula muthokoi, yaani mahindi ya kutwangwa, na kunde asubuhi, na jioni kunde na muthokoi. Nyama yote ya boma letu ilitokea kwa ekzosi.

Fundi wetu aliitwa Kitonyi, pale chini junction. Mtu mwembamba, mkono mweusi mpaka kiwiko, na alikuwa na maneno yake ya kila siku. Anafungua bonati, anainama, anatingisha kichwa, halafu anamwambia baba, "Baba Syombua, hii gari ni mzima kabisa. Ni kitu moja tu." Syombua ndio mimi. Miaka minne nilisikia hiyo "kitu moja tu", na kila mara ilikuwa kitu ingine. Hata mchungaji aliombwa kuiombea. Akafunga macho, akaweka mkono juu ya bonati, na vile ilikuwa moto, akautoa kabla ya kufika kwa Amina.

Lakini wacha niseme ukweli: hakuna watoto waliofurahia maisha kama sisi. Ikiwa mbovu, ilikuwa yetu. Tuliingia ndani tukacheza safari ya Mombasa. Mwikali alikuwa dereva kwa sababu alikuwa mkubwa kwa mwili na mchokozi, mimi makanga, abiria walikuwa kuku. Ilikuwa inanuka mafuta, jasho ya Mzungu na mavi ya kuku, na mpaka leo nikisikia harufu hiyo moyo wangu unaruka. Kuku mmoja alitaga chini ya kiti cha nyuma akaangua vifaranga kumi huko. Mama akasema hiyo ndio faida ya kwanza ameona kutoka kwa hiyo gari.

Mama hakuwa mtu wa maneno mengi. Yeye alikuwa na shamba. Shamba letu limeinama vile mashamba ya Kilungu yameinama, ukiangusha kiazi juu unakiokota mtoni. Na huko chini lilikuwa limeanza kupasuka korongo. Kila mvua ikinyesha, korongo linapanda hatua mbili tatu, linakula udongo mzuri wa mama, linaupeleka mtoni ukiwa mwekundu kama chai ya harusi. Dawa ilikuwa moja: kuchimba mitaro ya fanya juu, ile unachimba na udongo unautupa upande wa juu, mpaka shamba linakuwa kama ngazi. Mtu mmoja hawezi. Ni kazi ya mwethya.

Wa rika langu hawahitaji kuelezwa mwethya, lakini kuna vijana wanasoma hapa na wao wakisikia kikundi wanafikiria ni ya simu. Mwethya ni wamama wa kijiji. Leo wote wanalima kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, mpaka mzunguko uishe. Siku ikiwa yako, ni yako: unachosema, hicho ndicho watafanya. Ikipita imepita, ungoje zamu irudi, na zamu ilikuwa inarudi baada ya msimu mzima. Mama alingoja siku yake tangu kiangazi kianze. Ilikuwa iwe Jumatano, na mawingu ya mvua yalikuwa yameanza kukaa juu ya milima kama watu wanaongoja mkutano.

Sasa wiki hiyo hiyo, Kitonyi akatuma ujumbe: amepata giabox, lakini kuna mtu mwingine anaitaka, gari iletwe haraka. Kavaluku ilikuwa imekufa nyumbani wiki tatu. Na baba alikuwa amesimama kanisani mbele ya watu wote akaahidi kubeba wageni wa harambee Jumapili. Tatizo ni kwamba kutoka kwetu lazima upande kwanza mpaka mgongo wa kilima, ndio uteremke mpaka junction. Wanaume aliowaomba walicheka. Kuna jirani ng'ambo ya bonde, Mzee Kioko, alipiga kelele mpaka mlima wote ukasikia, "Baba Syombua! Hiyo ng'ombe yako imekataa kuamka? Ipe chumvi!"

Baba akafanya kitu. Jumanne jioni alienda kwa chairlady wa mwethya, Mama Kalondu, akamwambia ati mama amebadilisha kazi. Kesho wasibebe jembe. Waje na mikono.

Jumatano asubuhi mama alitoka na jembe mbili zimenolewa, na kamba ya kupimia mitaro. Akakuta wamama ishirini uwanjani mikono mitupu, wamefunga leso viunoni, wanaizunguka gari.

"Mama Syombua," chairlady akamwambia, "tuko tayari. Tunaanza kusukuma upande gani?"

Mama akaangalia gari. Akaangalia baba, na baba akaanza kukagua tairi ambayo haikuwa na shida. Mimi nilikuwa nimeshika sufuria ya uji, nikajua hapa leo kuna moto. Lakini mama hakumwaibisha mbele ya watu. Alilaza jembe chini pole pole, akaenda nyuma ya gari, akaweka mabega pamoja na wenzake. Akamwambia baba maneno machache tu: "Mvua ikikuja, utaiambia ingoje spea?"

"Kesho asubuhi nitachimba mimi mwenyewe," baba akasema. "Mimi na watoto."

Chairlady ndio aliona sasa mambo yalivyokuwa. Akamwangalia baba kutoka kofia mpaka viatu, akapuliza filimbi kwa nguvu nikafikiri itapasuka, na gari ikaanza kwenda. Wee! Hujaona kitu kama hicho. Wamama wanaimba, wimbo wanautunga papo hapo, ati kobe ameoa, tunampeleka kobe kwa bibi yake. Watoto tunasukuma katikati ya miguu yao, shule tumeitoroka. Wanarusha maneno kwa baba aliyekuwa ndani ameshika usukani: "Shuka wewe, ni wewe mzito!" "Si ashuke, huyo ndio mzigo wenyewe!" Hata mama alicheka mara moja, nilimwona, halafu akakumbuka amekasirika.

Tulipofika juu, sisi watoto kumi tukaruka ndani. Kavaluku ikaanza kuteremka bila injini, bila mlio, upepo tu na vumbi, na breki zile unakanyaga leo zinashika kesho. Tulipiga kelele kutoka mgongo wa kilima mpaka junction. Mbuzi walikimbia, punda alikimbia, mzee mmoja aliingia kwa mtaro na baiskeli yake akitupigia saluti. Nimepanda ndege baadaye maishani. Ndege haina kitu.

Alhamisi baba hakuchimba, alikuwa kwa Kitonyi. Ijumaa pia. Mama alichimba peke yake, sisi tukimsaidia baada ya shule, na kwa siku mbili tukamaliza mtaro mmoja mfupi kama sentensi ya mlevi.

Jumamosi saa nane tukasikia honi. Kavaluku ilikuja kwa nguvu zake! Baba alipita kanisani akapiga honi, akapita kwa Mzee Kioko akapiga mara tatu, akaingia uwanjani kwetu, na hapo hapo pembeni juu ya korongo, injini ikakohoa ikanyamaza. Hendibreki ilishakufa zamani, kwa hivyo akaweka mawe mawili kwa tairi kama kawaida. "Ni kitu moja tu," akasema. Ni yeye alisema, si Kitonyi. Na tone la kwanza likaanguka juu ya bonati.

Mvua ya kwanza ya Ukambani haipigi hodi. Maji yaliteremka shambani yakiwa na rangi ya matofali. Mama alijifunika gunia kichwani akakimbia na jembe kuyageuza, anaziba hapa, yanatoboa pale. Sisi tukabeba mawe. Baba alikuwa amekumbatia gari, kweli kabisa, amekumbatia tairi ya spea akizuia isiteleze. Halafu akageuka akamwona mama ndani ya maji mpaka magoti, peke yake, anapigana na mlima mzima.

Akaachilia gari. Akachukua lile jembe la pili, la Jumatano, akateremka mbio na viatu vyake vya kanisa.

Tulikuwa wote huko kwa mtaro wakati yale mawe ya tairi yalisombwa. Kavaluku haikufanya haraka. Iliteremka kando yetu kama mgeni anayeondoka bila kuaga, ikaingia korongo kwa nyuma, ikajipindua kidogo, na pale linapobana ikakwama kabisa, kutoka ukuta huu mpaka ukuta ule. Baba akasema "Kavaluku" mara moja, kwa sauti ndogo. Jembe hakuliacha.

Na maji yakaanza kupungua kasi. Udongo wa mama ulifika kwa hiyo gari ukasimama. Ulijaa kwa tairi, ukaingia kwa madirisha, ukakalia viti. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, korongo halikupanda hata hatua moja.

Jumapili wageni wa harambee walitembea kwa miguu. Baada ya ibada wanaume wakaja na kamba kuitoa. Mama akasimama mbele yao, leso kiunoni.

"Wacheni hapo," akasema. "Miaka minne nimeilisha. Jana ndio imeanza kazi."

Watu wote wakamwangalia baba. Baba akasugua kidevu. "Basi angalau tutoe betri."

"Betri toa."

Zamu ya mwethya iliporudi, baba alikuwa wa kwanza kwa mstari, mwanaume peke yake kati ya wamama ishirini. Walimbatiza Mama Kavaluku, akaitika. Ile mitaro waliyochimba iko mpaka leo. Na ndani ya gari mama alipanda ndizi. Nakuapia hujawahi kula ndizi tamu kama zile zilizotoka kwa kiti cha dereva.

Mwezi wa kumi na mbili uliopita nilienda nyumbani na gari yangu, four-wheel pia, ya mitumba, ilitoka bandarini ikiwa inang'aa. Tulipofika kile kilima cha juu ya boma letu ikazima. Nikashuka nikiwa na furaha, nikangoja watu watoke mbio. Enzi zetu kabla hujafunga mlango ungekuta mabega kumi na mbili. Hakuna. Vijana wanne walikuwa wameketi ukutani. Mmoja alitoa simu nikafikiri anaita msaada, kumbe ananichukua video. Mpwa wangu alikuwa ndani, vioo vimefungwa, akaniuliza, "Auntie, si upigie mtu?" Nikamwambia ashuke asukume. Akaniuliza, anashika wapi? Mtoto wa darasa la nane, hajui gari inashikwa wapi! Nikajionea huruma, nikawaonea na wao. Wana simu zinazojua kila kitu na hawajawahi kuteremka kilima cha Kilungu bila injini.

Mama ndiye alitoka. Amezeeka, anatembea na fimbo, lakini jicho ni lile lile. Nyuma yake baba, na ufunguo wa Kavaluku bado uko kwa mfuko wa koti yake, anausugua akifikiria. Mama akazunguka gari yangu pole pole, akaigonga mlangoni na fimbo kusikia chuma yake. Akauliza shida ni nini.

"Ni kitu moja tu, mwaitu," nikamjibu mama.

Baba akageuka akaangalia pembeni, mabega yanatingika kwa kicheko. Mama hakucheka. Aliangalia bondeni, mahali ndizi zinapepea juu ya paa la kijani, halafu akaangalia chini zaidi, karibu na mto.

"Hata hivyo ni nzuri, ni pana," akaniambia. "Utaniletea lini? Huko chini pameanza kubomoka tena."